Alama ya Kurudishia

Inspekta alizipanga picha mezani, akazitazama, akazikusanya, akazipanga upya kwa sababu mara ya kwanza hazikumpa kitu. Zote zilikuwa za mahali pamoja: pango lililo chini ya bahari, ndani ya mwamba wa pwani, na sakafuni mwa pango hilo kisiki cha jiwe jeupe kisichozidi upana wa ngumi. Juu ya kisiki hicho palikuwa pamesimama nguzo nyembamba, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Watu wa mradi wa kuchora ramani ya miamba ya chini ya maji walikuwa wameiita Bibi, na tangu ivunjike waliitaja kwa sauti ya matanga.

"Mtu akafungwe kwa ajili ya kijiwe hiki?" Koplo aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, tayari kwenda kula.

"Kijiwe hiki kilijengwa na matone ya maji, tone juu ya tone, maelfu ya miaka. Na tone halidondoki ndani ya maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pango lile lilikuwa nchi kavu, na bahari ilikuwa mbali. Bibi ndiye shahidi wao. Sasa shahidi amevunjwa kiuno, na nusu yake haionekani."

Aliyemvunja, kwa mujibu wa jalada, alikuwa ndani ya chumba cha mahabusu upande wa nyuma. Jina lake la mtaani lilikuwa Fataki, na hakulipata bure: aliwahi kufungwa kwa kuvua kwa baruti. Alipotoka gerezani akahamia kwenye mitego, na watu wakaendelea kumwita Fataki vilevile. Boti yake ilionekana karibu na mwamba ule, mkuu wa mradi akaandika maelezo kuhusu mtikisiko wa baruti, na Inspekta mwenyewe akaenda kumkamata sokoni mchana kweupe, pingu mkononi, binti wa Fataki akiwa pembeni na kikapu cha samaki. Siku ile Inspekta alijiona hodari. Kesho asubuhi Fataki angesimama mbele ya hakimu, na kwa rekodi yake hakimu asingekuna kichwa. Miaka ingemwagika kama mchele.

"Njoo uone hapa," Inspekta alisema. "Hii nini?"

Koplo aliinama. "Mkwaruzo, afande."

"Mkwaruzo ulionyooka hivi?"

"Basi samaki mwenye rula."

Inspekta hakucheka. Mstari ulianzia chini ya kisiki, ukapanda wima, na kando yake palikuwa na mshale mdogo unaotazama juu. Ulifika kwenye ukingo uliovunjika ukakatika ghafla, kama barabara iliyofika mtoni ikakuta daraja limekwenda na maji.

"Ulikuwa unaelekea wapi?" aliuliza.

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Juu hakuna kitu, afande, si nguzo ime..." Koplo alivuta kiti, akakaa. Chakula kilikuwa kimesahaulika, jambo ambalo kwake halikuwa dogo. "Nusu nyingine ya mstari iko kwenye kipande kilichoondoka."

"Na baruti haichori."

Picha ile ilikuwa imekaa juu ya meza yake tangu wiki ya kwanza. Inspekta alilijua hilo, na masikio yakamwaka moto.

*

Nahodha wa boti ya mradi walimkuta gatini akichokonoa injini. Alikuwa mzee mwenye mikono mipana, na alipoona sare aliangusha spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nilijua mtakuja."

"Kwa nini ulijua?"

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mwanangu, nimechoka kulala na jambo hili. Bibi nimemvunja mimi."

Koplo alikwisha kutoa kalamu. Inspekta alimzuia kwa kidole. "Hebu eleza."

"Kuna boya la kufungia boti pale, tumekatazwa kushusha nanga. Siku ya mwisho ya kazi mkondo ulikuwa mkali, boya likanishinda. Nikashusha nanga. Ilinasa mahali, nikaivuta kwa nguvu, nikasikia kitu kimeachia chini. Baada ya siku chache naambiwa Bibi kavunjika. Ningesema nini? Mimi ndiye ninayewaimbia vijana kila siku, nanga marufuku, nanga marufuku."

"Ulishusha juu ya pango?"

"Juu yake."

"Pango lina paa?"

"Lina, tena nene."

"Mlango wake uko wapi?"

"Ubavuni. Unaingia, unakata kulia, ndipo unamkuta Bibi."

"Mzee, nanga yako inajua kupiga hodi, ikaingia, ikakata kulia?"

Nahodha aliifuata njia hiyo hewani kwa kidole. Ilimchukua muda. Kisha mabega yake yakashuka, akacheka kicheko kilichokaribia kilio. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Lakini ulidhani ni wewe, na ukamwacha mwenzio akae ndani."

Kicheko kilikatika. Mzee aligeukia bahari, akasema polepole kwamba alikuwa akipeleka samaki nyumbani kwa mke wa Fataki kila alipopata. Hakuna aliyemuuliza kama samaki walitosha.

"Siku ile pangoni aliingia nani?" Inspekta aliuliza.

"Wazamiaji wawili na Dokta, mkuu wetu wa mradi. Wale wawili walipanda mapema, hewa ilikuwa inawaishia. Dokta alibaki kumalizia picha."

"Peke yake? Sheria yenu si kwamba hakuna kuzama peke yako?"

"Sheria kaitunga yeye," nahodha alisema. "Nani amkataze?"

*

Maabara ya mradi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya bahari iliyofungiwa ndani. Ukuta mmoja ulijaa ramani mpya: kina kwa rangi, mapango kwa duara, na kila duara limepewa alama kwa uadimu, kwa uzima, kwa kile linachofundisha. Duara la pango la Bibi ndilo lililokuwa na alama za juu kuliko yote. Chini yake mtu alikuwa amebandika karatasi ndogo: *isubiri marekebisho*.

Fundi wa maabara, binti mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akimwaga maji kutoka kwenye ndoo moja baada ya nyingine na kuzijaza upya kwa bomba. Ndani ya kila ndoo mlikuwa na jiwe.

"Mawe nayo yana kiu?" Koplo aliuliza.

"Yana chumvi, kaka. Jiwe la baharini ukiliacha likauke na chumvi yake, chumvi inakua ndani na kulipasua. Tunaliloweka maji ya bomba, tunabadilisha kila siku mpaka chumvi iishe."

Inspekta alikuwa ameinama juu ya meza iliyopangwa mawe makavu. Karibu kila jiwe lilikuwa na mshale unaotazama juu, na mstari uliofika ukingoni ukakatika.

"Na hii mistari?"

"Ah, hiyo ni kabla hujakiondoa kipande. Unachora mshale ujue juu ni wapi. Halafu unachora mstari unaovuka, nusu kwa mama, nusu kwa mtoto. Siku ukitaka kumrudisha mtoto, mistari inakutana, humkosei hata unywele."

"Na kikivunjika kwa bahati mbaya?"

"Unakishikiza pale pale palipovunjika, unachora, ndipo unakichukua. Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa. Mkono unachora wenyewe kabla kichwa hakijaamua."

"Mtu asiye wa kazi hii anaweza kufanya hivyo?"

Fundi alicheka. "Nani anamchora kuku kabla ya kumwiba?"

Inspekta alimwonyesha picha. Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Hakucheka tena. "Kwenye picha tulizopewa sisi," alisema, "hapa hapakuonekana. Tuliona upande mwingine tu. Hii mmeitoa wapi?"

"Mzamiaji wetu aliipiga baada ya kumkamata mtuhumiwa."

"Na hamkuuliza?"

"Hatukuuliza," Inspekta alisema.

*

Nyumba ya Dokta ilikuwa ya ghorofa moja, na kwenye kibaraza mawe yalikuwa mengi kuliko viti. Mumewe, mwalimu mstaafu, alijitokeza kutoka uani na taulo begani, kopo mkononi na povu sikioni.

"Karibuni, karibuni. Msishangae. Mwenye nyumba naoga nje kama mpangaji. Bafu langu lina mgeni."

"Mgeni gani, Mwalimu?"

"Jiwe! Nimeishi na mawe sebuleni, nimeishi na mawe jikoni, kuna moja nimelilalia miaka nikidhani ni mto mgumu. Hili limenifukuza bafuni. Na anavyoamka alfajiri kulibadilishia maji! Mimi sijawahi kuchotewa maji na mwanamke yule hata siku ya homa."

"Tunaweza kumsalimia mgeni?"

Mwalimu aliona uso wa Inspekta, na utani ukamwishia. Akawapisha.

Beseni la kuogea lilikuwa limejaa maji safi. Chini kabisa, juu ya taulo lililokunjwa kwa uangalifu, ililala nguzo nyeupe, nyembamba, yenye mikunjo midogo ya matone ya kale. Inspekta alipiga goti. Mwisho wake mmoja ulikuwa umevunjika, na kutoka kwenye mvunjiko ule ulipanda mstari ulionyooka na mshale kando yake. Aliishikilia picha juu ya maji. Mistari ilikutana.

"Usimtoe," sauti ilisema nyuma yake. "Bado ana chumvi."

Dokta alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu na mkoba wa kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye nywele zilizochomwa na jua. Mumewe alikuwa nyuma yake, bado na povu sikioni.

"Mwalimu atupishe?" Inspekta aliuliza.

"Akae. Kama ni kusikia, asikie kwangu." Dokta aliketi kwenye ukingo wa beseni, na macho yake hayakutoka kwenye maji. "Nilitaka aingie mzima kwenye picha. Nikarudi nyuma, nikarudi tena. Mtungi wa hewa mgongoni ukamgusa."

"Ukamgusa?"

"Ukamvunja. Nilisikia. Ndani ya maji sauti haina upande, inakujia kutoka kila mahali. Kila mwaka nawaambia vijana: usikipe mgongo kitu unachokipenda. Nikampa mgongo."

"Ukachora mstari."

"Nilichora?" Alionekana kweli kushangaa, kisha akafumba macho. "Ndiyo. Nilimshikilia pale pale, nikachora na msumari. Nililia ndani ya barakoa, sikuwa naona vizuri. Nikamtia kwenye mkoba wa vifaa, nikapanda juu, nikawaambia kazi imeisha."

"Ungeweza kumtupa kwenye kina. Tusingempata kamwe."

Dokta alimtazama kana kwamba ameambiwa atupe mtoto. "Nitamrudisha," alisema. "Kuna gundi inayoshika ndani ya maji. Nilikuwa nangojea chumvi itoke."

"Na Fataki alikuwa anangojea nini?"

Mwalimu alishusha kopo sakafuni taratibu.

"Nimepigania pwani ile ihifadhiwe tangu nywele zangu nyeusi," Dokta alisema. "Wenye kutaka kuchimba mchanga pale wangesema nini? Tazameni, wa kwanza kubomoa ni yeye mwenyewe. Niliona haya, Inspekta. Sina neno kubwa kuliko hilo. Niliona haya, nikajificha nyuma ya mtu."

"Uliandika kuwa ni baruti."

"Niliandika *huenda*." Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Huenda ni mtikisiko wa baruti. Sijitetei, niliandika nikijua ni uongo. Lakini niliandika huenda, nikidhani neno lile litamwachia mtu upenyo. Mliponiletea maelezo yaliyopigwa chapa, neno halikuwepo. Nikaona limeondolewa. Nikasaini."

Koplo alimtazama Inspekta, kisha akageuka haraka kutazama vigae vya ukutani.

Inspekta alilikumbuka neno lile vizuri. Alilifuta yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu shtaka lenye *huenda* linachechemea mahakamani. Alikuwa hata amejisifu kwa Koplo kuwa maelezo sasa yana meno. Alisimama, na goti lililolowa likawa baridi.

"Utakuja kituoni kuandika upya," alisema.

Koplo alitoa pingu kiunoni. "Zirudishe," Inspekta alimwambia, na papo hapo akakumbuka soko, na kikapu, na pingu zilizokuwa mkononi mwake siku ile. Koplo alibaki na pingu mkononi, hajui aziweke wapi. Dokta ndiye aliyewaondolea tabu: aliinyoosha mikono mwenyewe.

"Mbadilishie maji asubuhi," alimwambia mumewe. "Ya bomba. Yasizidi kiganja juu yake."

"Nitambadilishia," Mwalimu alisema. Hakumtazama mkewe, lakini alimfuata mpaka garini na taulo lile lile begani.

*

Fataki hakuruka kwa furaha. Alisikiliza habari yote akiwa ameegemea ukuta wa mahabusu, akauliza kama mitego yake kuna mtu aliyeikagua, akaambiwa hapana, akaguna.

"Nitakupeleka kwako," Inspekta alisema.

"Najua njia."

"Nataka niseme mbele ya watu wako."

Fataki alimpima kwa macho. "Haya. Ukiweza."

Uani kwake watu walijaa kabla gari halijazimwa. Mkewe alitoka na unga mikononi, akamshika usoni, akamwachia alama nyeupe mashavuni. Majirani walipiga vigelegele vya kuchelewa. "Tulijua!" walisema. "Sisi tulijua tangu mwanzo!" Kati yao alikuwemo jirani aliyejileta mwenyewe kituoni kusema kwamba Fataki haaminiki hata akiwa usingizini. Alipogongana macho na Inspekta, akajipenyeza nyuma ya mwenzake.

Inspekta alivua kofia. Alisema Fataki hakuvunja kitu, kwamba aliyevunja amepatikana, na kwamba kesho hakuna mahakama. Sauti yake ilikuwa ya kiofisi, na aliisikia hivyo mwenyewe. Binti wa Fataki alikuwa amesimama kizingitini, bado na sare ya shule, mikono nyuma. Hakuwa amemkimbilia baba yake.

"Njoo, mama," Fataki alimwita.

Msichana hakusogea. Alimtazama Inspekta. "Siku ile sokoni ulisema ni yeye," alisema. "Ulisema mna ushahidi."

"Afande alikosea," Fataki alisema haraka. "Watu hukosea, mama. Yamekwisha."

Ingekuwa rahisi kulipokea neno lile la Fataki. Lilikuwa limetolewa bure, mbele ya mashahidi, na aliyelitoa ndiye aliyekuwa na haki ya kulinyima. Inspekta alikaribia kulichukua.

"Sikukosea tu," alisema. "Aliyeandika maelezo aliandika *huenda*. Mimi nikalifuta neno hilo. Na picha ya kumtoa baba yako ilikuwa mezani kwangu muda wote. Sikuitazama. Haya nitayaandika kwa mkubwa wangu leo hii."

Koplo, kando ya gari, aliinamisha kichwa.

"Kwa nini?" msichana aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Inspekta alikuwa na majibu ya kazini, mazuri, yaliyonyooka. Aliyaacha.

"Kwa sababu aliwahi kufungwa," alisema. "Niliposikia jina lake, nikaona inatosha."

Msichana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Kisha akamgeukia baba yake, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

"Na mimi, baba," alisema. "Na mimi niliona inatosha."

Mke wa Fataki alianza kumkemea mtoto. Fataki alimnyamazisha kwa mkono. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wake, taratibu, akasogea kidogo kushoto, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Msichana alikawia, kisha akaja akakaa. Hawakugusana wala kutazamana, na hakuna hata mmoja pale uani aliyejua aondoke vipi.